Hospitali mbili, namba mbili: eneo la mwili wa mama ni lipi?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 61, ana saratani ya titi, ameshafanyiwa upasuaji na sasa yuko kwenye kemo: ile dawa nyekundu pamoja na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21. Urefu wake ni sentimita 158. Alipoanza alikuwa na kilo 62. Hospitali ya kwanza waliandika kwenye faili "eneo la mwili 1.63". Tulipohamia ya pili, kwa urefu na uzito uleule, wakaandika 1.65. Nani kakosea? Pili, kwenye saiko ya tatu, yaani mzunguko wa tatu wa dawa, mama kapimwa kilo 57, wakaandika 1.58, na dawa nyekundu ikashuka kutoka miligramu 100 hadi 95. Anapunjwa? Tatu, mama mmoja mnene tunayekaa naye benchi moja anasema yeye dozi yake "imefungwa kwenye mbili". Ndiyo nini? Mwisho, majibu ya figo yameandikwa 84, na pembeni kuna 1.73. Hiyo 1.73 ni ya nani, maana mama hajawahi kuandikiwa hiyo popote?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na kuuguza. Hakuna aliyekosea. Eneo la mwili ni ukubwa wa ngozi yote ya mtu kwa mita za mraba. Hukadiriwa kwa kanuni kutokana na urefu na uzito, na dozi ya kemo hukokotolewa kwa hilo. Hospitali ya kwanza walitumia kanuni ya Du Bois, ya pili wakatumia ya Mosteller. Nimezikokotoa zote kwa sentimita 158 na kilo 62: ya Du Bois inatoa mita za mraba 1.63, ya Mosteller 1.65, sawasawa na ulivyoandika. Ningechukua ya Haycock ningepata 1.66. Ya Gehan na George, 1.67. Mama ni huyohuyo mmoja na ngozi yake ni ileile.

Hebu tuipeleke tofauti hiyo hadi kwenye dripu tuone inafanya nini. Dawa nyekundu, doksorubisini, katika mpango huo wa matibabu hutolewa miligramu 60 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa 1.63 zinatoka miligramu 97.8, kwa 1.65 zinatoka 99. Siklofosfamidi ni miligramu 600 kwa mita ya mraba, basi ni 978 au 990. Dawa hizi huja kwenye vichupa. Doksorubisini, kwa mfano, ina vichupa vya miligramu 10 na vya 50. Mfamasia anayechanganya anaruhusiwa kuisogeza dozi kidogo juu au chini ili asifungue kichupa kizima kwa ajili ya miligramu mbili na kumwaga zilizobaki. Vituo vingi vimejiwekea mpaka wa asilimia 5, vingine 10. Kwa hiyo 97.8 na 99 zote zingeishia 100, na siklofosfamidi ingeishia gramu 1. Mama angepata dozi ileile hospitali zote mbili.

Mimi nikiletewa karatasi ya dozi, jicho langu haliendi kwanza kwenye kanuni. Linakwenda kwenye kilo na sentimita: zimepimwa lini, kwa mizani gani, au zimenakiliwa tu kutoka ukurasa wa nyuma. Huko ndiko dozi inakoharibikia, na ndiko nitakakokupeleka baadaye kidogo. Lakini umeuliza kwa nini kanuni ni nyingi, na hilo lina historia yake.

Ni nyingi kwa sababu hakuna hospitali inayopima ngozi yenyewe. Kuipima ni shughuli. Mwaka 1879 Mjerumani aitwaye Meeh alitoa kanuni iliyotumia uzito peke yake. Kisha mwaka 1916, huko New York, Delafield Du Bois na Eugene Du Bois, ndugu wa ukoo mmoja, wakaona urefu nao lazima uingie, kwani mtu mfupi mnene na mtu mrefu mwembamba wanaweza kulingana kilo wasilingane ngozi. Namna walivyopima inashangaza hadi leo. Walimvalisha mtu nguo nyembamba ya kubana, wakambandika juu yake karatasi zenye gundi mpaka mwili ukawa na ganda. Ganda likavuliwa, likakatwa vipande vidogo vinavyoweza kulala bapa, vikalazwa juu ya karatasi ya kupigia picha na kuachwa kwenye mwanga ili umbo lake libaki pale. Maumbo hayo yakakatwa kwa mkasi na karatasi ikawekwa kwenye mizani. Ukijua sentimita moja ya mraba ya karatasi ina uzito gani, basi umelijua eneo la mtu.

Walifanya hivyo kwa watu 9. Tisa tu! Kutokana na hao ikapatikana kanuni ambayo hadi leo imo kwenye mashine za hospitali dunia nzima: uzito kwa kipeo cha 0.425, zidisha na urefu kwa kipeo cha 0.725, zidisha na 0.007184. Wala hawakuwa wakifikiria saratani. Walikuwa wakichunguza joto ambalo mwili uliopumzika hulitoa, na walihitaji kuligawanya kwa eneo la ngozi ili waweze kumlinganisha mtu mkubwa na mdogo, mgonjwa na mzima.

Waliofuata walijaribu kuisahihisha. Gehan na George, mwaka 1970, walikusanya vipimo vya watu 401 vilivyokuwa vimeshachapishwa na mtafiti Edith Boyd, wakapata namba nyingine. Haycock na wenzake, mwaka 1978, walipima watu 81, wakiwemo watoto wachanga, na ndiyo maana wanaotibu watoto wengi huipenda ya kwao. Halafu mwaka 1987 Mosteller akaandika barua fupi kwenye jarida la madaktari la New England, akasema kwa ufupi kwamba haya yote yanaweza kufanywa kwa kikokotoo cha mfukoni. Zidisha sentimita kwa kilo, gawanya kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Basi.

Fanya mwenyewe sasa hivi. Fungua kikokotoo cha simu. Kama huioni alama ya kipeuo, ilaze simu ubavu, kwenye simu nyingi itajitokeza. 158 mara 62 ni 9796. Gawanya kwa 3600 upate 2.72. Kipeuo chake ni 1.65. Siku ya saiko unaweza kuifanya hesabu hiyo ukiwa umekaa benchi, na ukaijua namba ya mama kabla karatasi haijaandikwa. Mimi ningependa kila muuguzaji aijue. Mfamasia mwenye akili timamu hakasiriki akiulizwa swali la hesabu.

Sasa kwa nini ngozi, wakati dawa inapita kwenye mshipa? Chai ya kikombe hupoa kabla ya chai ya birika, kwa kuwa kitu kidogo kina uso mkubwa ukilinganisha na kilichomo ndani. Mwaka 1883 Mjerumani Max Rubner alipima mbwa wadogo kwa wakubwa na kuonyesha kwamba joto wanalotoa linafuatana na eneo la miili yao zaidi ya kilo zao. Chukua mtoto aliyezaliwa leo, kilo 3, sentimita 50: eneo lake ni karibu 0.20. Mama yako alipokuwa na kilo 62 alikuwa na uzito wa mara ishirini ya huyo mtoto, lakini ngozi yake ilikuwa mara nane tu. Kazi nyingi za mwili, kama damu inayosukumwa na moyo kwa dakika au maji yanayochujwa na figo, zinakwenda karibu zaidi na hiyo mara nane kuliko na ile mara ishirini.

Aliyeileta hoja hii kwenye dawa za saratani kwa nguvu ni Donald Pinkel, daktari wa watoto, mwaka 1958. Alichukua dawa tano za saratani zilizokuwa zikitumika wakati huo, akaangalia dozi walizokuwa wakipewa panya wa maabara na wanyama wengine wadogo, kisha watoto, kisha watu wazima. Kwa kilo, dozi hizo zilitofautiana mno. Kwa mita ya mraba zilikaribiana. Hilo lilikuwa na faida kubwa, kwani dawa mpya ikitoka kwa panya kwenda kwa binadamu lazima mtu aamue ya kuanzia ni kiasi gani. Tangu hapo majaribio ya dawa yakaandikwa kwa miligramu kwa mita ya mraba, vitabu vikaandikwa hivyo, na sisi tunafuata vitabu.

Ila kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi, nami naona wana haki ya kulijua. Hoja ya Pinkel ina nguvu unapotoka kwa panya kwenda kwa mtu, au kwa mtoto kwenda kwa mtu mzima. Ukishawaweka watu wazima wenyewe kwa wenyewe, nguvu hiyo inapungua sana. Mwaka 2002 ulichapishwa uchambuzi wa dawa 33 za saratani zilizojaribiwa kwa watu wazima, ukauliza swali moja: je, kugawa dozi kwa eneo la mwili kunapunguza tofauti ya kiasi cha dawa kinachokaa kwenye damu ya mgonjwa huyu na yule? Kwa dawa 5 jibu lilikuwa ndiyo. Kwa 28 zilizobaki, hapana. Wanawake wawili wenye 1.65 ileile, mmoja ini lake linaiondoa dawa haraka na mwingine polepole, hupishana kwa kiasi kikubwa kuliko hiyo 1.63 na 1.65 zako mara nyingi tu. Ndiyo sababu sioni haja ya mtu kukosa usingizi kwa desimali ya pili. Dozi ya kwanza ni makadirio ya heshima. Baada ya hapo mwili wenyewe ndio unaosema, na unasema kupitia kipimo cha damu, vidonda vya mdomoni na homa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama dozi ya mama ilikuwa kubwa mno au ya kawaida, tazama chembe nyeupe za damu yake. Kwa dawa hizi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda. Kabla ya saiko inayofuata daktari hutaka kuziona zimerudi. Kwa zile ziitwazo nyutrofili wengi hutaka zifike angalau 1.5 kwenye karatasi ya maabara. Zisiporudi, saiko inasogezwa au dozi inapunguzwa, hata kama eneo la mwili halijabadilika hata chembe. Na mama akipata joto la nyuzi 38 au zaidi katikati ya saiko, hata saa nane za usiku, nendeni hospitali. Msimpe panadoli mkasubiri asubuhi.

Nije kwenye swali lako la pili. Hapunjwi. Kilo 57 kwa sentimita 158 ni 1.58, na 60 mara 1.58 ni 94.8, ndiyo hiyo 95. Utaona mama amepungua asilimia 8 ya uzito lakini dozi imepungua kama asilimia 4 hivi. Kipeuo cha pili ndicho kinachofanya hivyo, kinapunguza makali ya mizani kwa nusu. Vituo vingi hukokotoa upya uzito ukibadilika kwa asilimia 5 au 10 na wengine hukokotoa kila saiko, kwa hiyo walichofanya ni kazi nzuri. Ningeogopa zaidi kama wangemwandikia 100 kwa mazoea.

Kinachonisumbua mimi ni hizo kilo 5 zenyewe. Saiko mbili ni wiki sita. Anatapika? Ana vidonda mdomoni? Chakula kinamnukia vibaya? Au anajinyima kwa sababu mtu amemwambia sukari na nyama "zinalisha saratani"? Mwambieni daktari kabla ya saiko ya nne. Dawa za kuzuia kutapika zipo za aina kadhaa, na kama ya kwanza haikufanya kazi hakuna sababu ya kuendelea nayo.

Na hiyo kadi yenye 1.63, 1.65 na 1.58 msiitupe hata baada ya matibabu. Doksorubisini inachosha moyo kadiri inavyojilimbikiza, na mlimbikizo huo huhesabiwa kwa mita ya mraba kwa maisha yote: madaktari huweka mpaka kati ya 450 na 550. Saiko nne za 60 zinampa mama 240. Miaka kumi baadaye daktari mwingine akitaka kumpa dawa ya ukoo huo, atauliza amekwisha pata kiasi gani, na ninyi mtakuwa na jibu.

Sasa mizani, kama nilivyoahidi. Hospitali zetu zina mizani ya kila aina, na wagonjwa wetu wanakuja wamevaa. Mama avue viatu, aweke chini pochi na simu, na avue koti au sweta kama asubuhi ilikuwa na baridi. Khanga mbili na kitenge cha kujifunga juu yake si kilo tano, sawa, ila kilo moja hivi inaweza kufika. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu iliyonyooka. Ile ya chumbani ikiwekwa juu ya zulia au mkeka husema uongo. Asimame bila kushikilia ukuta wala bega lako. Kwenye urefu, kilemba kivuliwe, na rasta zilizofungwa fundo juu ya kichwa zishushwe, visigino viguse ukuta. Watu husahau urefu kwa kuwa mtu mzima harefuki, lakini urefu wa kutajwa kwa mdomo ndio wenye makosa mengi kuliko yote. Mtu anataja ulioandikwa kwenye kitambulisho, na wa kwenye kitambulisho naye alimtajia karani.

Hata hivyo tazama makosa hayo yana uzito gani. Mama angeandikwa sentimita 168 badala ya 158, eneo lingekuwa 1.70, yaani asilimia 3 zaidi. Si msiba. Msiba ni vipimo vya Kiingereza. Mizani nyingine za nyumbani zina kitufe nyuma cha kubadilisha kilo kuwa ratili. Kilo 62 ni ratili 137 hivi. Mtu akiandika 137 kwenye nafasi ya kilo, Mosteller atatoa 2.45, na dozi ya dawa nyekundu itakuwa miligramu 147. Hiyo ni mara moja na nusu. Mtu anayeijua hesabu ya kipeuo ataishtukia pale pale, maana wanawake wengi ninaowaona wako kati ya 1.4 na 1.9, na namba ikizidi 2 inataka kutazamwa usoni kwa mgonjwa mwenyewe: je, huyu anafanana na mbili na nusu?

Wapo ambao mizani haiwasemi sawa hata ikiwa nzima. Mgonjwa mwenye maji tumboni au miguu iliyovimba anaweza kubeba lita kadhaa, na maji hayo ni kilo zisizo mwili. Daktari huamua kutumia uzito wa kabla ya uvimbe au kukadiria. Aliyekatwa mguu, urefu wake na kilo zake haziingii vizuri kwenye kanuni yoyote kati ya hizi, kwa kuwa waliopimwa walikuwa na viungo vyao vyote. Mzee aliyepinda mgongo tunampima kwa mikono iliyonyooshwa pembeni, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kwani urefu huo haupindi pamoja na mgongo.

Kwa wazazi wanaouguza watoto nitasema machache. Tofauti ya kanuni inaonekana zaidi huko. Mtoto wa kilo 12 na sentimita 85 ana 0.52 kwa Du Bois na 0.54 kwa Haycock. Kwa dawa kali hiyo si kitu cha kupuuza, na ni vizuri wodi nzima itumie kanuni moja. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja au chini ya kilo 10, dawa nyingi hazigawiwi kwa eneo kabisa. Zinagawiwa kwa kilo, kwa sababu eneo lake ni kubwa mno kwa mwili wake huku ini na figo bado havijakomaa, hivyo mita ya mraba ingempa dozi ya kumzidi.

Msishangae basi mkiona kwenye shule za kando ya ziwa mtoto anagawiwa vidonge vya kichocho kwa kusimamishwa tu kando ya fito yenye alama: ukifika alama hii, vidonge viwili, ile pale vidonge vitatu. Hakuna mizani wala kipeuo. Prazikwanteli inaweza kuvumilia makadirio ya namna hiyo, kwa kuwa kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru kuna nafasi kubwa. Kemo haina nafasi hiyo. Kiasi kinachoua saratani kiko jirani sana na kiasi kinachomaliza chembe nyeupe, ndiyo maana sisi tunahangaika na desimali hata tukijua mipaka yake.

Kuhusu jirani yenu wa benchi. "Kufungwa kwenye mbili" ni desturi ya zamani ya madaktari: hata kama hesabu imetoa 2.2, unaandika 2.0 na kuishia hapo, kwa hofu kwamba mtu mnene akipewa dozi kamili itamzidi. Tuseme ana sentimita 165 na kilo 110. Mosteller anampa 2.25, yaani miligramu 135 za doksorubisini. Akifungwa kwenye mbili anapata 120. Kila saiko anapungukiwa miligramu 15, zaidi ya moja ya kumi ya dawa yake, na hakuna atakayemwambia.

Hofu hiyo haikusimama ilipochunguzwa. Wagonjwa wanene waliopewa dozi kamili hawakuonekana kuumia zaidi ya wengine, na kuna kila sababu ya kuhofia kwamba kupunguziwa kunawapotezea nafasi ya kupona. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo mwaka 2012 kikasema dozi ikokotolewe kwa uzito halisi wa mgonjwa, hasa pale lengo ni kuponya, na mwaka 2021 kikaurudia. Kwa hiyo mama huyo ana haki ya kuuliza, kwa adabu tu: "Daktari, dozi yangu imefungwa kwa sababu ya unene, au kuna sababu nyingine?" Kwani sababu nyingine zinaweza kuwepo: moyo, ini, au chembe zilizoshuka vibaya saiko iliyopita. Na ipo dawa moja, vinkristini, ambayo hata mimi naifunga: kwa desturi haivuki miligramu 2 kwa mara moja, kwa jinsi inavyoharibu mishipa ya fahamu.

Kwa watu wa umbo lake, chaguo la kanuni nalo lina uzito ambao kwa mama yako halina. Mtu wa sentimita 150 na kilo 98 ana 1.91 kwa Du Bois na 2.02 kwa Mosteller. Asilimia 6 imeondoka hapo bila mtu yeyote kuamua kuipunguza. Wale watu 9 wa New York hawakutosha kuwasemea watu wa umbo hili, na kwa wanene kanuni ya Du Bois inajulikana kwa kukadiria chini. Kama ningeombwa ushauri na hospitali ningesema mchague Mosteller, muiandike ukutani, na kila fomu itaje kanuni iliyotumika. Hapo mgonjwa akihamishwa, kama mlivyohamishwa ninyi, anayempokea anajua 1.63 imetoka wapi.

Dawa mpya zinaanza kulikwepa jambo hili lote. Trastuzumabu, inayotumika kwa baadhi ya saratani za titi, ikitolewa kwa dripu hugawiwa kwa kilo. Pembrolizumabu hupewa miligramu 200 kwa kila mtu mzima, mnene kwa mwembamba. Lakini dawa anazopewa mama ni za zamani na zitabaki na mita za mraba, kwa sababu yote tunayojua kuhusu faida na madhara yake yalikusanywa kwa kipimo hicho.

Imebaki 1.73. Hiyo si ya mama. Mwaka 1928 watafiti watatu huko Marekani, McIntosh, Møller na Van Slyke, walihitaji kulinganisha figo za watu wa maumbo tofauti, wakachukua eneo la wastani la Wamarekani wa miaka 25 wa wakati ule na kulifanya kiwango. Tangu hapo maabara huandika: figo zako zingechuja kiasi hiki kama ungekuwa na eneo la 1.73. Ni nzuri kwa kujua kama figo ni nzima au mbovu, na 84 kwa umri wa mama ni jibu zuri. Ukitaka kujua figo zake zinachuja kiasi gani hasa kwa dakika, zidisha 84 kwa 1.58 halafu gawanya kwa 1.73. Utapata karibu mililita 77.

Kwa dawa anazotumia sasa tofauti ya 84 na 77 haibadilishi kitu. Doksorubisini huondolewa zaidi na ini, kwa hiyo mimi kwenye majibu ya mama ningetafuta bilirubini kwanza, kipimo kinachoonyesha hali ya ini. Ila ipo dawa moja, kaboplatini, ambayo eneo la mwili halimo kabisa kwenye hesabu yake. Tangu mwaka 1989 tunatumia kanuni ya Calvert: chukua uchujaji wa figo, jumlisha 25, kisha jumla hiyo izidishe na lengo la daktari, yaani namba ya kiasi cha dawa anachotaka mwili ukipate. Lengo likiwa 5, kwa 77 mama angepata miligramu 510. Kwa 84 angepata 545. Hatumii dawa hiyo leo. Siku ikitokea akabadilishiwa, muulizeni mfamasia kama namba ya figo aliyoiweka kwenye hesabu imerudishwa kwenye eneo la mama, au bado ni ya yule Mmarekani wa miaka 25.